Mimi na Mejumaa Tulipokwenda Mombasa Kupimwa Kizazi

Shoga zangu, tangu nirudi Mombasa kila anayeingia uani kwangu huanza na salamu, kisha pole, kisha hunyamaza akinitazama usoni. Nami nimekuwa nikisema vipande vipande, huyu nikampa kichwa, yule nikampa mkia, na sasa nasikia habari zangu zimefika Gazi zikiwa na miguu ambayo mimi sikuzipa. Basi nimekaa chini kuieleza safari yote mara moja, kwa mkono wangu, kwa hati zile za Kiarabu tulizofunzwa chuo cha Kurani. Wanaojua kusoma wawasomee wenzao. Ya vyeti na kupiga dole gumba nimeyaacha, hayana ladha.

Nyumbani

Nyote mwajua kuwa mimi Mwanakombo sikujaaliwa mtoto. Marehemu mume wetu Rashidi, mkwezi wa minazi, alinioa mimi kwanza, na miaka ilipopita tumbo likiwa kimya akamwoa Mejumaa. Mejumaa akazaa saba, mmoja Mungu akamchukua. Rashidi alipofariki kwa homa, watu walidhani tutagawana vyombo na kila mtu ashike njia yake. Hatukugawana. Jiko letu ni moja mpaka leo, ingawa maneno baina yetu hayakuwa yakizidi yale ya jikoni: chumvi iko wapi, kuku wamefungiwa, fulani ana homa.

Msilolijua ni hili. Ujanani kwangu damu ya mwezi ndiyo iliyokuwa habari mbaya. Kila ilipokuja nilijua kuwa mwezi ule nao umepita bure. Nilikuwa nikienda kisimani kufua alfajiri, kabla ya wenzangu, ili mtu asinione macho. Ilipokatika kwa umri, wanawake wenzangu walilalamika joto na kukosa usingizi. Mimi nilipumzika. Nikasema, basi, hakuna tena wa kuniletea ile habari. Nikawa nafunga Ramadhani nzima bila deni, naswali bila kukatiza, na miaka ikaenda.

Kisha siku moja, nikisuka makuti uani, nikahisi unyevu. Nikadhani nimekalia jani bichi. Nilipoingia ndani nikatazama, nikaona damu.

Nitasema kweli, maana mmeniuliza. Kabla ya hofu kulikuja kitu kingine. Moyo uliruka kama wa mwari. Kwa muda wa kuvuta pumzi niliwaza: labda mlango umefunguliwa. Mjane mimi, kichwa cheupe, mume yuko kaburini, nami nawaza hivyo. Akili haikuwamo. Ilikuwa ile hamu ya zamani, niliyodhani nimekwisha kuizika, kumbe ilikuwa imelala tu.

Nilinyamaza nayo. Damu ilikwenda ikarudi, ikakoma, ikaja tena. Mejumaa alitambua kwa sababu ya msala wangu, aliouona umekunjwa pale pale ukutani wakati wa alasiri. Siku ya kwanza hakuuliza. Ya pili akaja akasimama mlangoni.

"Dada, huswali. Una nini?"

Nikamwambia nimeingia siku zangu. Aliketi chini kabisa, jambo asilolifanya chumbani mwangu.

"Kwa umri wako hakuna siku, dada. Hiyo ni damu ya ugonjwa. Haikuzuii kuswali. Inuka utawadhe, kisha kesho twende kwa dresa."

Mpaka Msambweni

Tulikwenda kwa miguu asubuhi, kwa njia ya mashambani, umande ukitulowesha pindo za leso. Dresa wa Msambweni, yule mganga wa zahanati, ni mtu mzima wa kwetu, aliyemjua Rashidi. Alinipa shikamoo, akaniuliza maswali yake akitazama sakafu, na kwa adabu ile nikaweza kumjibu. Aliuliza damu ilikoma lini, imerudi tangu lini, ni nyingi au kidogo, ina harufu au haina, kuna maumivu au hakuna. Nilikuwa sijayasema hayo kwa mwanamume yeyote, hata Rashidi.

Alipomaliza akasema, "Mama, damu ikirudi baada ya kukoma haifai kuachwa. Mara nyingi ni kitu kidogo. Lakini mara nyingine ni donda ndugu, yaani kansa, linaanza, na kwa macho tu hapana ajuaye. Itakubidi uende Mombasa. Watakulaza, watakupa dawa ya usingizi, watakwangua kidogo ndani ya kizazi, na kile watakachokitoa kitatazamwa kwa kioo."

Neno lile la kukwangua lilinipeleka moja kwa moja kwenye mbuzi ya nazi. Nikaona nafsi yangu imeshikwa kama kifuu. Sikusikia tena alichoendelea kusema, ila nilisikia akiuliza ni nani atakayenifuata, maana lazima awepo ndugu wa kike wa kunihudumia.

"Ni mimi," Mejumaa akasema.

Nilimgeukia. Sikutazamia. Yeye alikuwa amekwisha kusimama, anajifunga leso, kana kwamba tunakwenda sasa hivi.

Msambweni hadi Tiwi

Ilikuwa masika. Basi lilikuwa halijapita kwa matope, tukapata lori la Mhindi mmoja lililobeba mbata. Dereva alinipa mimi nafasi mbele kwa heshima ya umri, na Mejumaa akapanda nyuma juu ya magunia, amejifunika turubai. Tulikwenda kwa mwendo wa konokono. Karibu na Gazi tulishuka wote tukasubiri vijana waweke makuti chini ya magurudumu. Kule Ukunda njia ilikuwa kavu kidogo nikadhani taabu zimekwisha. Tulipofika Tiwi chuma kikalia chini ya lori kama mtu anayevunjika mguu, tukasimama. Dereva alilala chini akatazama, akainuka amejaa udongo, akasema ni springi. Akaazima baiskeli akaenda kutafuta springi nyingine.

Nyumba iliyokuwa karibu na njia ilikuwa ya mama mmoja, Bi Riziki, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu shambani. Hakungoja tumwombe. Alituita, akatupa maji ya kunawa, akatupakulia muhogo wa nazi na papa. Mimi nilikuwa sijala vizuri tangu kwa dresa. Muhogo ule nilikula mpaka nikaona haya.

Alituuliza sisi ni nani kwa nani. Mejumaa akasema ni wake wenza. Tunakwenda wapi? Hospitali, Mombasa. Bi Riziki akashika kifua. Akasema hajapata kuona uzuri kama huu, wake wawili kusafiri pamoja katika matope kumfuata mume wao mgonjwa. Alisema wanawake wa siku hizi mmoja angekwenda na mwingine angebaki kuhesabu sufuria. Akatuombea dua ndefu, akamwombea na mume wetu shifaa, na sisi tukaitikia amina, kwa sababu dua ilikuwa imekwisha kuanza na hatukujua tuikate vipi.

Baada ya dua ilikuwa imechelewa kumsahihisha. Na nitasema tena kweli: sikutaka kumsahihisha. Kwa muda ule wote mdogo, katika nyumba ya mtu tusiyemjua, Rashidi alikuwa hai, amelala kitandani Mombasa, anatungoja.

Tulilala kwake. Asubuhi dereva alikuwa amerudi na lori limetengenezwa. Bi Riziki akatuletea mkate wa kumimina, mzima, wa moto, umefungwa kwa jani la mgomba.

"Mpelekeeni mume wenu," akasema. "Mwambieni ni wa dada yake wa Tiwi."

Mejumaa aliupokea kwa mikono miwili. Akasema atafikishiwa.

Likoni

Kivuko kilikuwa upande wa pili. Meli kubwa ilikuwa ikiingia bandarini na ilibidi tungoje ipite. Watu walikuwa wengi, na mbuzi, na vikapu vya maembe. Tukakaa juu ya jiwe, mkate ukiwa mapajani mwa Mejumaa, bado una joto.

"Tuufanyeje?" nikamuuliza.

Alifungua jani akaukata. Tukala. Ulikuwa mtamu, iliki imekolea. Tangu tumzike Rashidi hatukupata kukaa tukamzungumza, mimi na yeye. Kila mmoja alikuwa na wake. Lakini pale Mejumaa akasema, akitafuna, kwamba Rashidi angesema iliki imezidi. Nikasema angesema hivyo, na angekula wote. Akacheka. Nikamwona anacheka huku anafuta macho kwa pindo la leso, nami nikatazama meli, maana na mimi nilikuwa vivyo hivyo. Nilimtamani Rashidi siku ile kuliko siku ya arobaini yake. Nilitamani awe upande wa pili kweli, amelala, ameudhika kwamba tumechelewa.

Wodini

Hospitali sitaitaja jina. Ni kubwa, ina harufu ya dawa ya kufutia sakafu, na wodi yetu ya wanawake imepakana na ile ya wazazi. Hilo sikuambiwa na mtu, nililisikia mwenyewe. Kila baada ya muda kitoto kililia upande wa pili wa ukuta.

Nesi aliyetupokea alikuwa msichana wa bara, mwenye haraka na roho nzuri. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa kwao. Aliniuliza, "Mama, umezaa watoto ngapi?"

Nilikuwa natafuta jinsi ya kujibu. Mejumaa, aliyesimama nyuma yangu na kikapu, akajibu, "Saba. Walio hai sita."

Hakusema kwa hila. Kwetu ndivyo tunavyosema, watoto wetu ni saba, nami wote wananiita mama mkubwa. Ningeweza kumwambia nesi kwamba sivyo alivyouliza. Sikumwambia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mama wa saba mbele ya mtu asiyenijua, na maneno yale yalinikaa vizuri mwilini, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo changu.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha mama wa Kiduruma kutoka Taru, jina lake Mbodze, mfugaji. Lugha zetu ni ndugu, tukaelewana mara moja. Yeye alikuwa na uvimbe, alikwisha kukaa pale siku nyingi, na alikuwa na hamu ya mbuzi wake kuliko ya watu wa nyumbani kwake. Alinitajia mbuzi wake kwa majina. Alisema usiku akifumba macho husikia kengele zao.

Jioni nesi alipita akaniambia, "Kesho asubuhi utaingia kwa daktari. Kwa hivyo kesho utafunga, mama. Hakuna kula, hakuna kunywa."

Nikamwambia hilo ni jepesi, nimefunga tangu utotoni. Akafurahi, akaenda zake.

Mejumaa, aliyekuwa amepata ruhusa ya kulala chini kando ya kitanda changu, aliniamsha kabla ya adhana. Alikuwa na ndizi za kuchemsha na chai katika chupa. Nikanuia, nikala daku yangu vizuri, nikasukutua. Nilijiona nimefanya kila kitu kama nilivyoamrishwa.

Kulipokucha maandalizi yakaanza. Nilisafishwa tumbo kwa bomba la maji ya sabuni, na juu ya hilo sitaandika zaidi. Nesi alikuja na wembe wa kuninyoa, akakuta sisi Waislamu hilo tumekwisha kulifanya wenyewe, akarudi nao akicheka. Nikaogeshwa, nikavikwa shuka nyeupe iliyofungwa mgongoni. Nikaambiwa nivue vyote: bangili, herini, kipini cha puani, hirizi. Bangili zilitoka. Kipini kilikataa, kilikuwa hakijatoka tangu harusi yangu. Mejumaa alikwenda kuomba mafuta jikoni kwa wapishi, akanipaka taratibu, akakizungusha, akakizungusha, mpaka kikatoka. Nikagusa pua, nikaikuta uchi. Hirizi sikutaka kuivua. Mejumaa akaichukua akaivaa yeye shingoni, akasema, "Itakuwa hapa hapa, mlangoni."

Nikiwa tayari nimelazwa juu ya kitanda cha magurudumu, nesi akauliza mara ya mwisho, kama desturi yao, "Umekula chakula lini?"

"Sijala tangu daku."

"Daku ni nini?"

Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. Akaniuliza nilikula nini, nikamwambia ndizi na chai, akaenda mbio. Aliporudi alikuwa na nesi mkubwa, wakanigeuza na kitanda changu wakanirudisha wodini. Nesi mkubwa akanieleza pole pole kwamba dawa ya usingizi haipatani na chakula tumboni. Mtu akilala nayo, chakula hupanda kikaingia mapafuni kikamuua. Kufunga kwao huanza usiku, na alfajiri hapana kitu. Ningengoja siku nyingine.

Mejumaa aliinama kichwa. Alikuwa amenilisha kwa mkono wake. Nikamwambia tulikuwa wawili tuliodanganyika, na aliyetafuna ni mimi.

Mbodze alikuwa ametazama yote kutoka kitandani mwake. Akasema nisione haya, na yeye walimrudisha hivyo hivyo. Walimwambia asile chakula, akanywa kibuyu cha maziwa alicholetewa na mwanawe. "Kwetu maziwa si chakula," akasema. "Ni maziwa."

Tulicheka mpaka nesi akatuambia tunyamaze.

Siku ya kungoja

Siku iliyofuata sikuwa na la kufanya. Nilikaa kibarazani. Kule kwa wazazi akina mama walitolewa nje kuota jua, kila mmoja na kifurushi chake. Mmoja alikuwa binti mdogo, mtoto wake analia naye hajui amshike vipi. Mikono yangu ilijua. Nimewashika saba, hakuna aliyenifundisha. Ilikuwa inataka kwenda yenyewe, nikaikalia.

Ndipo nilipojua kwamba yale niliyowaza uani kwangu, ile siku ya makuti, hayakuwa wazimu wa dakika moja. Nilikuwa na umri ule wote na bado nilitaka. Hofu ya donda ndugu nilikuwa nayo, siikatai, ilinijia kila nilipojilaza. Lakini hofu ile ilikuwa mgeni. Hamu hii ilikuwa mwenyeji.

Mchana daktari alinipima kwa vidole na kwa chombo baridi, nesi wa bara akiwa ananishika mkono. Daktari alikuwa Mzungu wa makamo, mtaratibu. Alisema kitu, nesi akasita.

"Daktari anauliza, kweli ni wewe umezaa saba? Anasema mlango wa kizazi chako hakuna mtoto amepita."

Nilitazama dari. "Aliyezaa ni mwenzangu," nikasema. "Mimi sikuzaa. Lakini watoto wetu ni saba."

Nesi alitafsiri, na tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko maneno yangu. Daktari akatikisa kichwa polepole, bila kukasirika. Nesi hakuniachia mkono.

Kesho yake nilifunga kufunga kwao. Tangu jua lilipotua sikugusa kitu, Mejumaa naye akakataa kula, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Wakanisukuma tena kwa kitanda cha magurudumu mpaka chumba chenye taa kubwa. Waliniwekea kitu puani chenye harufu kali na tamu. Nikaanza Ayatul Kursiyu. Sikufika mwisho.

Nilipozinduka kiu ilikuwa imenikausha ulimi, na tumbo la chini linauma kama lile la mwezi la ujanani, maumivu yale yale niliyoyajua. Nikanyoosha mkono, nikakuta leso ya Mejumaa. Hirizi ilikuwa bado shingoni mwake. Kipini changu alikuwa amekifunga kwenye ncha ya leso kwa fundo ambalo baadaye lilitushinda kulifungua.

Majibu

Kile walichokitoa kilipelekwa Nairobi kutazamwa, tukaambiwa tungoje. Tulikaa Majengo kwa binamu yake Mejumaa. Damu ilipungua ikakoma. Mchana nilisuka ukili kwa ajili ya kushughulisha vidole, na kila alipopita muuza samaki akiita nilitamani kwetu, kisima chetu, sauti ya mnazi ukipigwa na upepo. Mejumaa naye alikuwa na hamu ya wanawe. Tulikuwa tunakaa mbele ya nyumba ya watu, kila mmoja yuko Msambweni.

Tulipoitwa, daktari alikuwa amesimama dirishani. Alimwambia nesi, nesi akaniambia huku anacheka kwa macho: hapana donda ndugu. Kulikuwa na kinyama kidogo kimeota ndani, ndicho kilichokuwa kikitoa damu, nao wamekwisha kukitoa. Nisibebe mzigo wala kuchota maji kwa mwezi mzima. Na damu ikirudi tena, hata tone, nirudi nisingoje.

Mejumaa alisema alhamdulillahi, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa na neno. Nikamwomba nesi anisaidie kuuliza. "Mwambie, kwa kuwa ameingia ndani akaona. Ni kitu gani kilichozuia?"

Nesi alielewa, nikaona anaona uzito kulitafsiri. Akalitafsiri. Daktari alijibu kwa upole, kwa maneno machache.

"Anasema si yote yanaonekana, mama. Lakini yeye hakuona kasoro. Anasema kilikuwa kizazi kizima."

Nikamshukuru. Nilitoka nikaenda nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia mashuka, nikalia huko. Watu hudhani nililia kwa furaha ya kupona, na furaha ilikuwemo. Lakini miaka yote nilikuwa nimejiambia kuna kitu mle ndani, fundo au kovu, na nikijua ni nini nitanyamaza. Sasa nimeambiwa palikuwa na chumba kizima, kisafi, na hakuna aliyekuja.

Kurudi

Tulirudi kwa basi. Njia ilikuwa imekauka. Pale Tiwi nilitafuta nyumba ya Bi Riziki, nikaiona imefungwa, nadhani alikuwa shambani. Lile jibu la daktari Mejumaa alilisikia kama mimi, nami nilikuwa nimelirudia kwake tulipokuwa tukivuka Likoni. Tulipita Ukunda. Tulipokaribia Gazi ndipo alipoanza, akitazama mbele, si mimi.

"Kila nilipozaa, dada, ni wewe uliyenipikia uji wa mzazi. Mara saba. Unaniletea, unakaa nikingoja upoe, unangoja nimalize, unachukua bakuli. Sikuweza kukutazama. Nilikuwa nikiunywa na kumwomba Mungu akupe na wewe, japo mmoja, nipate na mimi kukupikia."

Siku zile mimi nilidhani ananywa kama haki yake. Nilidhani kule kutonitazama kulikuwa kiburi. Tulikuwa tumeishi jiko moja ujana wote, na neno hilo lilikuwa limekaa mdomoni mwake bila kutoka. Nilishika mkono wake na tukafika Msambweni hivyo.

Nyumbani watoto walitupokea, wakubwa na wajukuu, kukawa na kelele na machozi. Mejumaa hakuwapa nafasi. Alisema daktari ameamuru mama mkubwa apumzike, akanipeleka chumbani kwangu, akafunga mlango. Aliniletea maji ya moto akaniogesha mwenyewe. Kisha akatoa sandukuni mwake mkaja, ule alioufunga yeye baada ya kila uzazi, mweupe uliogeuka rangi ya chai kwa kufuliwa, akaniambia ninyooke. Akanifunga tumbo, akizungusha na kukaza, kwa ustadi wa mtu aliyefungwa hivyo mara nyingi. Sikumwuliza kama daktari ameagiza hilo.

Akanitandikia kitanda, akanilaza upande wa nje. Upande wa ukutani akalaza kitambaa safi na kuacha nafasi, ndogo, ya kipande cha mkono, pale alazwapo kichanga. Nadhani mikono yake ilifanya kwa mazoea. Alipotambua, alishtuka, akainama anisogeze nikae katikati.

"Acha," nikamwambia. "Acha hivyo hivyo."

Akaacha. Akatoka, nikasikia mwiko jikoni, nikasikia harufu ya pilipili manga na tangawizi na samli. Akarudi na bakuli, moshi unapaa, akaliweka mikononi mwangu, akaketi chini kando ya kitanda.

Nikanywa polepole, na yeye akakaa akingoja bakuli.